Vikombe vya Idara ya Hesabu

Katika miaka yangu ya kufundisha hesabu nimeosha vikombe mara kumi na moja. Mara kumi za kwanza nilinung'unika kwa namna isiyomfaa mzee wa kanisa kama mimi. Ya kumi na moja ndiyo ninayomshukuru Mungu kwayo, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Idara yetu ilikuwa ya watu watatu, katika shule ya upili iliyo kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Bahati. Mimi nilikuwa mkuu wa idara, na mwenye mvi kuliko wote. Wa pili alikuwa mwalimu mrefu mwenye sauti kubwa, mtu wa upande wa Molo. Akifundisha milinganyo kidato cha pili, kidato cha nne nao walirudia somo bila kutaka. Wa tatu alikuwa mwalimu kijana tuliyemwita Madam, kama walimu wa kike wanavyoitwa katika kila shule ninayoijua. Huyu alisema kidogo na kuandika kwa herufi ndogo sana, hata wanafunzi wa nyuma walizoea kuja mbele wakiwa wamebeba viti vyao.

Kila Ijumaa saa nne, wakati wa chai, mmoja wetu alileta uongo. Nataka nieleweke, maana wapo wanaonijua kanisani. Ulikuwa uongo wa hesabu: hoja iliyopangwa hatua kwa hatua, kila hatua imevaa suti na tai, halafu mwishoni inakwambia kwamba moja ni sawa na mbili. Wengine wawili walikuwa na dakika thelathini za kutafuta tundu. Wakiliona, mwenye hoja aliosha vikombe. Wasipoliona kabla ya kengele, aliyekuwa amejibu kwa kujiamini zaidi ndiye aliyeosha. Sheria hiyo niliitunga mimi, nikidhani itawafunza wengine unyenyekevu.

Vikombe havikuoshwa jikoni. Vilioshwa kwenye bomba la nje, mbele ya madirisha ya kidato cha kwanza, na watoto wale walikuwa na desturi yao pia: walihesabu kwa sauti moja kila kikombe kilichosuuzwa. Mwalimu wao wa hesabu akiwa ndiye mwenye sabuni, walihesabu polepole zaidi.

Kabla ya chai niliomba. Mwalimu wa Molo alinisubiri nifike "Amina" ndipo anichokoze.

"Mzee, kanisani kwenu moja jumlisha moja jumlisha moja ni moja. Mtoto wangu akiandika hivyo kwa mtihani unamkata alama. Hiyo ni haki?"

"Kule hatujumlishi," nilimwambia. "Kule tunapiga magoti."

"Basi kidato cha pili wote wapige magoti. Watapita."

Huyo ndiye aliyetuletea hoja ya ng'ombe. Alisimama kabisa, kikombe mkononi, akatangaza kwamba atathibitisha kuwa ng'ombe wote wa Bonde la Ufa wana rangi moja.

"Ng'ombe mmoja ana rangi moja na yeye mwenyewe. Kuna mwenye kubisha? Hakuna. Sasa tuseme tayari tunajua kwamba ng'ombe kumi wowote wana rangi moja. Leteni kumi na mmoja. Namtoa wa kwanza nje ya boma, wanabaki kumi, rangi moja. Namrudisha, namtoa wa mwisho, wanabaki kumi, rangi moja. Kwa hivyo wa kwanza anafanana na wale wa katikati, na wa mwisho pia anafanana nao. Kumi na mmoja, rangi moja! Kutoka hapo naenda kumi na wawili, kumi na watatu, mpaka nimalize Bonde lote. Kunyweni chai."

Mimi nilikwama. Nilijua ni uongo, kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa na mweusi na mwenye mabaka, lakini kujua kwamba kitu ni uongo na kulionyesha tundu lake ni kazi mbili. Madam alikuwa akimenya kiazi kitamu. Hakuinua macho.

"Anza na wawili," alisema.

"Wawili nini?"

"Ng'ombe wawili. Mtoe wa kwanza, anabaki mmoja. Mrudishe, mtoe wa pili, anabaki mmoja. Wale wa katikati wako wapi?"

Mwalimu wa Molo aliweka kikombe chini. Boma lake la ng'ombe wawili halikuwa na katikati. Ngazi yake yote ilikuwa nzuri, ila kidato cha kwanza cha kukanyagia hakikuwepo. Alivichukua vikombe mwenyewe.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Madam. Alileta swali fupi kabisa.

"Mzee anaenda Naivasha. Tuseme ni kilomita themanini, ili hesabu iwe rahisi. Anakwama nyuma ya malori, anakwenda kwa mwendo wa arobaini kwa saa njia nzima. Wakati wa kurudi arudi kwa mwendo gani, ndiyo wastani wa safari yote uwe themanini kwa saa?"

Nilicheka. Nilikuwa nikifundisha wastani tangu kabla hajazaliwa. "Mia moja na ishirini," nilisema. "Arobaini na mia na ishirini, gawanya kwa mbili, themanini. Na Mungu anisamehe kwa kwenda kasi hivyo."

"Mzee ana uhakika?"

"Kama ninavyoiona hii meza."

Alingoja mwalimu wa Molo aseme kitu, naye akasema afadhali anyamaze maana mikono yake bado ilikuwa na harufu ya sabuni ya wiki iliyopita. Ndipo Madam akaniuliza safari yote, kwenda na kurudi, ni kilomita ngapi. Mia moja na sitini. Kwa mwendo wa themanini ingechukua saa ngapi? Mbili. Na kwenda peke yake, kwa mwendo wa arobaini, kulichukua saa ngapi?

Jibu lilikuwa mbili.

"Saa zake mbili zimeisha," alisema kwa upole. "Na bado Mzee yuko Naivasha."

"Umeingia boksi, Mzee!" mwalimu wa Molo alinguruma, na nadhani kidato cha nne walimsikia. "Hata ukirudi na ndege umechelewa!"

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kumi ya kuosha vikombe. Niliosha nikijiambia kwamba sasa nimejifunza: wastani mbili haziwekwi pamoja kama viazi viwili kwenye kikapu, lazima kwanza uulize kila moja imebeba nini nyuma yake. Nililisema hilo kwa sauti, nadhani, maana mtoto mmoja dirishani aliliandika kwenye daftari.

Siku tatu baadaye nilikuwa nimelisahau.

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne yalitoka. Tulikuwa na mikondo miwili, Mashariki na Magharibi, wanafunzi arobaini kila mmoja. Mashariki ilifundishwa na mwalimu wa Molo, Magharibi na Madam, aliyeipokea ikiwa kidato cha tatu kutoka kwa mwalimu aliyestaafu. Nilichora jedwali kwa rula, kama ninavyopenda. Mashariki, waliofaulu ishirini na sita. Magharibi, waliofaulu kumi na wanane. Nikatia sahihi, nikalipeleka kwa mwalimu mkuu, nikaenda zangu kwenye mazoezi ya kwaya nikiwa na amani.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa historia, mwenye mwili mkubwa na uamuzi wa haraka. Alituita ofisini siku ya Jumanne, sote watatu.

"Sitaki maneno mengi," alisema. "Wazazi wanaona hizi takwimu. Kuanzia muhula ujao mwalimu wa Mashariki anachukua mikondo yote miwili mpaka mtihani wa mwisho. Madam, wewe utachukua kidato chake cha kwanza. Hakuna ubaya. Kidato cha kwanza pia ni watoto wa Mungu."

Alinitazama mimi aliposema hivyo, kana kwamba nimempa ruhusa ya kulitumia jina hilo.

Nilimtazama Madam. Alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili. Watoto wale wa Magharibi alikuwa nao karibu miaka miwili. Jumamosi aliwafundisha bila kuombwa, akiwagawa makundi makundi chini ya mti wa mkaratusi nyuma ya maabara, na nimemwona kwa macho yangu akirudia hesabu za sehemu kwa binti mmoja mara nne kwa mifano minne, mpaka binti akapiga makofi. Sasa angenyang'anywa kabla ya hatua ya mwisho, na shule nzima ingejua ni kwa nini. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka. Mwalimu wa Molo, ambaye hakuwa ameomba kitu, alitoka akiangalia viatu vyake. Mimi nilirudi kwenye meza yangu na kusahihisha madaftari. Nilimhurumia. Lakini takwimu ni takwimu, nilijiambia, na huruma haibadilishi jumla.

Ijumaa ilifika, ya pili kutoka mwisho wa muhula. Ilikuwa zamu yangu ya kuleta uongo. Sikuwa na moyo. Madam akaniuliza kama anaweza kuichukua zamu yangu.

Aligeuza karatasi ya zamani ya mtihani, akaandika upande mweupe kwa herufi zake za sisimizi.

"Bahati kuna madaktari wawili wa ng'ombe," alianza. "Kila mmoja ametibu ng'ombe arobaini. Wa kwanza wamepona ishirini na sita. Wa pili wamepona kumi na wanane. Ng'ombe wenu ni mgonjwa. Mnamwita nani?"

"Wa kwanza!" mwalimu wa Molo alipiga meza. "Sasa hiyo nayo ni swali? Wa kwanza, na aje mbio!"

"Una uhakika?"

"Kabisa. Ng'ombe sio wa kufanyia majaribio."

"Haya. Wa kwanza alitibu ng'ombe thelathini wenye ugonjwa mdogo, wakapona ishirini na wanne. Wenye ugonjwa mkubwa walikuwa kumi tu, wakapona wawili. Wa pili alitibu wenye ugonjwa mdogo kumi, wakapona tisa. Wenye ugonjwa mkubwa walikuwa thelathini, wakapona tisa. Ng'ombe wako akiwa na ugonjwa mdogo, utamwita nani?"

Mwalimu wa Molo alihesabu kwa midomo. Ishirini na wanne kati ya thelathini ni wanane kwa kila kumi. Tisa kati ya kumi ni tisa. "Wa pili," alisema.

"Akiwa na ugonjwa mkubwa?"

Wawili kati ya kumi. Tisa kati ya thelathini, yaani watatu kwa kila kumi. "Wa pili tena."

"Na kama hujui ana ugonjwa gani?"

Alifungua mdomo kusema "wa kwanza", akaufunga. Akaichukua karatasi, akajumlisha upya. Jumla zote zilikuwa sahihi. Daktari wa pili alikuwa bora kwa ugonjwa mdogo, bora kwa ugonjwa mkubwa, na mbaya kwa jumla.

"Hapa kuna uchawi," alisema. "Samahani, Mzee."

Kengele ililia. Alikuwa amejibu kwa kujiamini kuliko mtu yeyote aliyewahi kujibu katika chumba kile, kwa hivyo alikusanya vikombe akatoka. Madam alikwenda darasani kwake. Nikabaki na karatasi, na nje watoto wakaanza kuhesabu: moja! mbili!

Ishirini na sita. Kumi na wanane. Arobaini na arobaini.

Nilivuta droo. Humo mlikuwa na kitabu changu cha kuandikisha wanafunzi, chenye alama walizokuja nazo kutoka shule ya msingi. Niliwapanga wale themanini kwa penseli, wenye alama za juu upande mmoja na wenye alama za chini upande mwingine, kisha nikaweka alama ya vyema mbele ya kila aliyefaulu. Nikahesabu. Nikarudia kwa kalamu. Mara ya tatu nikatumia vidole, kama mtoto. Madam hakuwa amebuni hata tarakimu moja. Alikuwa amewageuza tu watoto wetu kuwa ng'ombe.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kwenye kitabu kile kile, kwa mwandiko wangu. Mwaka ule watoto wale walipoingia, waliochelewa kuripoti ndio wengi wao waliokuwa na alama za chini, na ni mimi niliyekuwa nikiwaandikisha. Magharibi ilikuwa na madawati matupu karibu na mlango. Niliwapeleka huko wote kwa sababu ilikuwa rahisi. Miaka mitatu na zaidi baadaye nikachora jedwali kwa rula, nikaandika jumla mbili, nikatia sahihi, na nilikuwa nimetoka kuosha vikombe kwa kosa lile lile la wastani. Niliinamisha kichwa pale mezani. Sikuomba kwa maneno mengi. Nilimshukuru Mungu kwamba ameniletea aibu ikiwa bado saa nne asubuhi, na siku nzima iko mbele ya kurekebisha.

Nilianza na mwalimu wa Molo. Nilimkuta bado bombani, povu mpaka kwenye kiwiko, maana idara nyingine zilikuwa zimemwongezea vikombe vyao. Nilimwekea kitabu mbele ya macho, nikamwonyesha mistari minne. Nilikuwa na wasiwasi, maana ni vigumu kumwambia mtu aliyepongezwa Jumanne kwamba Ijumaa yeye ni wa pili kwa wanafunzi wenye nguvu na wa pili kwa wanafunzi dhaifu.

Alisoma. Alisoma tena. Watoto waliacha kuhesabu, kwa sababu kikombe kilikuwa kimesimama hewani.

"Kwa hivyo mimi," alisema mwishowe, "ni daktari wa ng'ombe wenye afya."

Halafu akacheka kwa kicheko chake kile, mpaka kikombe kikamponyoka. Nilimpenda sana wakati huo.

Mchana nilienda kwa mwalimu mkuu na kitabu. Alinisikiliza akiwa ameshika simu.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ni mwalimu wa historia, lakini hata mimi najua ishirini na sita ni zaidi ya kumi na nane. Na hii jedwali si umetia sahihi wewe?"

"Nimetia."

"Basi. Sasa mkianza kuwagawa kwa alama, mwisho mtawagawa kwa urefu."

Nilipofika mlangoni aliongeza, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa kidogo, "Na kila Ijumaa mnacheka huko mpaka tunawasikia. Hakuna siku mmeniita."

Namshukuru Mungu kwa wivu wa mwalimu mkuu. Nimewahi kuuombea uondoke kwake, lakini siku ile niliona ulikuwa na kazi.

"Ijumaa ijayo, saa nne," nilimwambia. "Uje na kikombe chako."

Alikuja. Hiyo ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule; akitoka pale bila kubadilisha mawazo, Madam angerudi muhula ujao kwenye kidato cha kwanza. Kikombe chake kilikuwa kikubwa kama sufuria ndogo. Nilimweleza sheria za idara, nikamsomea ile ya kujiamini polepole, mara mbili, maana sikutaka baadaye aseme nilimtega. Nilikuwa nimemtega. Lakini nilitaka aingie macho wazi.

Madam alikaa pembeni. Nadhani hakuamini kwamba ningethubutu. Mwalimu wa Molo alikuwa ameziba mdomo kwa andazi zima, kwa usalama wa shughuli.

"Bahati kuna madaktari wawili wa ng'ombe," nilianza.

Mwalimu mkuu aliinuka kidogo kitini. Alikuwa na shamba Bahati na ng'ombe kumi na wanne, na mtu yeyote aliyetaka ruhusa ya kwenda nyumbani mapema alianza kwa kuwaulizia hali.

"Wa kwanza ametibu arobaini, wamepona ishirini na sita. Wa pili ametibu arobaini, wamepona kumi na wanane. Wako ni mgonjwa. Utamwita nani?"

"Wa kwanza."

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Mzee, kwa mambo ya ng'ombe usiniulize kama nina uhakika."

Andazi lilitikisika.

Nikampa zile hesabu nne, moja moja. Nilitarajia ataziandika na kuzigawanya kama sisi, na nilikuwa nimemwekea penseli. Hakuigusa. Alifumba macho. Nadhani alikuwa akiwaona zizini.

"Ngoja," alisema. "Huyu wa kwanza, wengi anaoitiwa ni hawa wa kikohozi kidogo, wa kukataa nyasi asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na huyu wa pili ndiye anaitwa wakati ng'ombe amelala chini hainuki, na watu wameanza kunoa visu?"

"Thelathini kati ya arobaini."

"Na bado wanainuka tisa!" Alifumbua macho, amekasirika kwa ajili ya daktari yule. "Sasa nyinyi mnamlinganisha aje na huyo mwingine? Huyu wa pili ndiye daktari! Huyo wa kwanza hata mimi naweza kufanya kazi yake na ndoo ya maji ya chumvi!"

Mwalimu wa Molo alikohoa sana. Nilimpiga mgongoni.

Kisha nikaweka mezani, kando ya kikombe kile kikubwa, lile jedwali langu lenye rula nzuri, na juu yake kitabu cha kuandikisha wanafunzi kikiwa wazi. Nilinyoosha kidole kwenye ishirini na sita, nikakisogeza kwenye kumi na wanane, kisha nikakishusha kwenye mistari minne. Alifuata kidole changu kwa macho. Nilimwona anafika. Uso wake ulianza kwenye zizi lake Bahati, ukatembea taratibu ukaingia ofisini siku ya Jumanne ile.

Aliisoma mistari ile minne tena, yeye mtu wa uamuzi wa haraka. Kisha akamgeukia mwalimu wa Molo.

"Wewe ulijua?"

"Tangu Ijumaa iliyopita, boss. Mimi ndiye maji ya chumvi."

Mwalimu mkuu alivuta jedwali karibu, akaligonga kwa ukucha pale chini. "Na hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu," nilisema. "Na walioingia wamechelewa niliwajaza mimi Magharibi. Madam aliwakuta hapo."

Ndipo nikamgeukia Madam mwenyewe, mbele yao wote wawili, nikamwambia kwamba nimemkosea na ninaomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu zaidi, yenye utangulizi, lakini yalinikimbia. Aliinamisha kichwa. Alisema, "Asante, Mzee," kwa sauti ile ile aliyotumia kusema nimebaki Naivasha, na nikaona macho yake yamejaa.

Mwalimu mkuu alisimama, akakunja lile jedwali mara nne, akalitia mfukoni.

"Muhula ujao uko na Magharibi mpaka mwisho," alimwambia. "Wazazi wakiuliza nitawaambia habari ya madaktari." Alifikiri kidogo. "Na nina ndama mmoja anachechemea. Lakini hiyo tutaongea."

Kengele ililia. Tulitazamana. Mwalimu wa Molo, kwa adabu kubwa kabisa, alisukuma vikombe vitatu mpaka vikagusana na kile kikubwa.

"Sheria ya idara," alisema. "Aliyejiamini zaidi."

Nilidhani mwalimu mkuu atakataa. Alivua saa yake, akaitia mfukoni pamoja na jedwali. "Sawa," alisema. "Lakini aliyetia sahihi anakuja na mimi."

Tulitoka wawili. Upepo wa Menengai ulikuwa umeanza, vumbi linapita uwanjani. Kidato cha kwanza walipoona nani amebeba karai, madirisha yote yalikuwa kimya kama mtihani. Mwalimu mkuu alifungua bomba, akasuuza kikombe cha kwanza, akakiweka. Hakuna aliyethubutu. Akainua kichwa.

"Kwani leo hamjui kuhesabu?"

"MOJA!" walipiga kelele, na nina hakika Bahati walisikia.

Nilimuuliza Madam baadaye kama lile swali la madaktari alilileta akijua nitalitambua. Alisema lilikuwa swali la chai tu, na kwamba nilipaswa kushukuru kwa kuachiwa zamu. Nilishukuru. Bado nashukuru.

Pale bombani mwalimu mkuu alijitahidi, lakini aliosha nje tu, na majani ya chai yalibaki ndani. Sikumwambia. Alipomaliza kila kimoja na watoto wakakihesabu, mimi nilikichukua kimyakimya, nikakirudia. Kidato cha kwanza hawakukihesabu mara ya pili.

"MBILI!"

Nilikuwa na muda. Vilikuwa vinne tu, na kimoja kikubwa kama sufuria.